Ram Imegoma Kuingia, Nisukume Zaidi?

Wiki hii maswali karibu yote ni ya ram, ile kumbukumbu ya muda ya kompyuta, na hizo DDR3, DDR4 na DDR5 mtakazoziona ni vizazi vyake. Sijui ni kwa sababu bei zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025 na sasa kila mtu anaogopa kukosea, au ni kwamba kila kijana wa Chuga siku hizi anaunga mashine yake mwenyewe sebuleni, ila swali la kwanza hapo chini limenifanya niiache chai ipoe. Barua nimezifupisha kidogo, mnisamehe.

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi chalii wa Sakina hapa Arusha, naediti video za wageni wa kampuni moja ya utalii, usiku nacheza gemu kidogo. Nimejichanga mpaka nikapata prosesa ya Ryzen 5 5600G na madabodi ya B550 yenye sloti nne, keisi na pawa saplai ninazo. Ikabaki ram. Nikaenda duka moja mjini nikamwambia jamaa nipe ram nzuri, akanipa DDR5 ya GB 16 moja, akasema hii ndo mpya, DDR4 zinaondoka sokoni. Nimefika nyumbani haiingii. Nimewapigia wananiambia sukuma kwa nguvu mpaka ilie tak. Nimesukuma mpaka madabodi inapinda. Nisukume zaidi?

JIBU: Usisukume tena mdogo wangu! Acha hapo hapo. Itoe, irudishe kwenye pakiti yake pamoja na risiti, kesho asubuhi uwe mteja wao wa kwanza.

Nikueleze kilichotokea ili ukienda uongee nao ukiwa unajua. 5600G inakaa kwenye soketi ya AM4, na AM4 tangu itoke 2016 ni DDR4 tu, hamna AM4 inayokula DDR5 hata uibembeleze vipi. Kwa AMD, wenye hizo Ryzen, DDR5 imeanza na AM5 mwaka 2022. Kinachowachanganya watu ni kwamba ukizishika mkononi zinafanana kabisa, urefu uleule, zote mbili za deskitopu zina pini 288, ila chukua hiyo uliyonayo uisogeze kwenye mwanga uangalie ule ukingo wenye pini za rangi ya dhahabu, utaona kuna kikato kidogo kama pengo la jino. Kwenye DDR5 hilo pengo limesogea karibu zaidi na katikati kuliko kwenye DDR4, na ndani ya sloti ya madabodi kuna kipande cha plastiki ambacho lazima kikutane nalo. Visipokutana haiingii, na wameifanya makusudi isiingie, maana hata umeme wake hauendani, DDR4 inapewa volti 1.2 na madabodi wakati DDR5 inapokea volti 5 alafu inajipunguzia yenyewe mpaka 1.1 kwa chip iliyopo juu ya ram. Ungefanikiwa kukivunja kile kiplastiki sasa hivi tungekuwa tunaongea habari za msiba.

Kwaiyo kabla hujaweka nyingine washa tochi ya simu umulike ndani ya sloti zote, angalia kiplastiki kimesimama wima na pini hazijalala. Na huyo aliyekwambia sukuma kwa nguvu, ni kweli ram huwa inataka kubanwa kidogo, lakini ram iliyo sahihi unaibonyeza kwa vidole gumba viwili, kimoja kila pembe, klipu inajifunga yenyewe. Madabodi haitakiwi kupinda kiasi cha wewe kuona.

Sasa ununue nini. DDR4 ya deskitopu, spidi 3200, na ununue pakiti moja yenye ram mbili ndani yake, 16 na 16. Kwa mtu anayeediti video za 4K na Chrome imefunguliwa tabu arobaini, 32 sio anasa. Mfuko ukikataa chukua 8 na 8, ila usichukue 16 moja ukasema utaongeza nyingine Krismasi, na hapa ndo nataka ukae chini unisikilize.

5600G haina kadi ya grafiki ya pembeni, picha inachorwa na prosesa yenyewe, na kumbukumbu ya kuchorea inaiazima kutoka kwenye ram yako hiyo hiyo. Ram moja ya DDR4 3200 inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, ukiweka mbili kwenye chaneli mbili inakuwa 51.2. We wa Sakina utanielewa haraka: ile barabara ya njia nne kutoka kwenu mpaka Tengeru magari yanateleza, ukishapita Tengeru inabaki njia mbili na ukikutana na lori la saruji mbele yako ndo basi tena. Gari ni lile lile na dereva ni yule yule. Kwenye gemu, 5600G yenye ram moja na yenye ram mbili utadhani ni prosesa mbili tofauti, nimeshawahi kumtolea mtu ram moja mbele ya macho yake akidhani namtania, akanyamaza.

Ukishazipata hizo mbili usizipange jirani. Hesabu sloti kuanzia upande wa prosesa, weka ya pili na ya nne. Kwenye madabodi nyingi zimeandikwa A2 na B2 kwa herufi ndogo sana, kitabu cha madabodi kitakuonyesha. Ukiweka ya kwanza na ya pili mashine inaweza kuwaka vizuri tu, utatumia mwaka mzima hujui kwamba unatumia nusu.

Alafu kuna hili ambalo wengi wanaandika kulalamika wamepigwa. Utawasha mashine, utafungua Task Manager, itakwambia ram inaenda 2133 au 2400 au 2666 wakati umelipia 3200. Hujapigwa. Ram nyingi zikiwa mpya zinaanza na spidi ya usalama, ile kubwa lazima uiruhusu mwenyewe: ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya madabodi yenyewe) kwa kubonyeza Delete wakati inawaka, tafuta palipoandikwa XMP (kwenye madabodi nyingine za AMD wameiita DOCP), iwashe, hifadhi, toka. Na ukija kufungua programu ya CPU-Z ikakuonyesha 1600 usinipigie simu usiku, ile inahesabu mapigo ya saa na DDR inabeba data mara mbili kwa kila pigo, 1600 mara mbili ni 3200.

Muuzaji akikuletea mbili za 3200, moja imeandikwa CL16 nyingine CL22 (CL ni mapigo ya saa ambayo ram inasubiri kabla ya kujibu), chukua CL16 kama tofauti ya bei ni ya soda mbili tatu. Hesabu yake ni rahisi, hiyo CL zidisha kwa 2000 gawanya kwa spidi: ya kwanza inasubiri nanosekunde 10, ya pili 13.75. Kwa hiyo hiyo hesabu 3600 yenye CL18 nayo ni 10, kwaiyo akikwambia 3600 inawahi kujibu kuliko 3200 CL16 mwambie tuhesabu wote. Lakini kama tofauti ni ya maana, hela iweke kwenye GB. Na kama umenunua feni ile kubwa ya mnara ya kupoozea prosesa pima kwanza urefu wa ram, zile zenye mabati marefu juu zinagombana na feni kwenye sloti za karibu na prosesa.

Unapoweka zima kabisa, chomoa waya ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha keisi. Miezi ya baridi na yale masweta ya mtumba tunayovaa hapa, umeme wa mwilini upo, unausikia ukivua sweta gizani.

SWALI: Habari ya huko. Mimi ni mama wa stesheneri hapa Moshi, Majengo. Nina Dell OptiPlex ya zamani, yenye i5 ya kizazi cha tatu, ya kuchapa barua na kuprinti. Ina ram ya 4 inakwama sana hasa wanafunzi wakija na fleshi zao. Kijana wangu akaagiza ram ya GB 8 DDR3 kwa bei nzuri sana, ikaja kwa basi kutoka Dar. Tumeweka, taa ya kuwashia inapepesa rangi ya chungwa tu, kioo cheusi. Tukirudisha ile ya zamani inawaka. Ram ni mbovu au mashine?

JIBU: Mama shikamoo. Mashine yako ni nzima, na inawezekana kabisa hata ram ni nzima.

Naomba umwambie kijana aigeuze ile ram asome stika yote, hata maandishi madogo ya pembeni, aone kama kuna mahali pameandikwa AMD. Kuna ram za DDR3 zimejaa sokoni, za bei ya kutupa, ambazo chip zake zimepangwa kwa namna ambayo prosesa za Intel za enzi hizo, kama hiyo i5 yako, haziwezi kuzisoma, zinakubali kwenye madabodi za AMD tu. Wauzaji wengine wanaandika, wengine wananyamaza, na mteja anajua siku ameshaweka. Pini ni zile zile 240, inaingia vizuri, inabana vizuri, na haiwaki. Bei yenyewe mama ndo ilikuwa inawaambia.

Kama ni hiyo, mrudishieni muuzaji mumwambie mnataka DDR3 1600 ya kawaida ya deskitopu inayokubali Intel, kwenye stika mara nyingi itakuwa na PC3-12800 au PC3L-12800. Ile yenye L ni ya volti 1.35 badala ya 1.5 na kwa kawaida inafanya kazi pande zote mbili, msiikatae.

Kama haijaandikwa AMD popote, basi kabla ya kuirudisha chukueni raba ya penseli, hapo dukani zipo, mfute pini za dhahabu taratibu pande zote mbili, mpulize mabaki yake, mjaribu tena ikiwa peke yake kwenye sloti moja. Vumbi la Majengo nalijua. Nimeona ram nyingi zimehukumiwa kifo kumbe zilikuwa chafu tu.

Na mama, kwa vile umesema inakwama wanafunzi wakija, mwambie kijana aangalie pia kama Windows iliyomo ni ya biti 32. Hiyo haitumii zaidi ya GB 4 hata umjazie ram mpaka juu, ungelipa bure. Na zile fleshi za wanafunzi zina virusi, hilo tutaliongea siku nyingine.

SWALI: Mkuu, nina 8GB ya DDR4 2400 kwenye mashine, nimepata nyingine 8GB ya 3200 kampuni tofauti. Zitakaa pamoja? Nipo Njiro.

JIBU: Mara nyingi zitakaa, zote zitatembea kwa spidi ya ile inayochelewa, yaani 2400. Nasema mara nyingi kwa sababu kuna siku mashine inawaka fresh alafu kioo kinageuka bluu na inazima katikati ya kazi. Ukishaweka tengeneza fleshi ya MemTest86, programu ya kupima ram, iache izunguke usiku kucha, ikikuletea kosa hata moja jekundu zitenganishe. Na ndio maana yule wa Sakina nimemwambia anunue pakiti yenye mbili, zile zimepimwa pamoja kiwandani. Ukinunua moja leo na moja mwakani hata jina la nje likiwa moja, chip za ndani zinaweza kuwa za kiwanda kingine.

SWALI: Nasoma Tengeru, Taasisi ya Nelson Mandela. Naunga mashine ya kazi za data, nataka Ryzen 7 7700 na madabodi ya B650 yenye sloti nne. Nataka GB 64 ya DDR5 6000. Nilifikiri nichukue nne za 16 zijaze sloti zote, inapendeza pia. Nakosea?

JIBU: Inapendeza, ila chukua mbili za 32.

Kwenye AM5, ndo soketi ya hiyo 7700 yako, sloti nne zipo lakini ukizijaza zote prosesa inaelemewa. AMD wenyewe kwa Ryzen 7000 wanaahidi 5200 ukiwa na ram mbili, ukiweka nne ahadi inashuka mpaka 3600. Hiyo 6000 unayoitaka tayari iko juu ya ahadi, inapatikana kwa kuwasha EXPO ambayo ni kama XMP ya AMD, na kwa ram mbili inakubali kwa watu wengi, ndo spidi ninayoipendekeza, 6000 CL30. Kwa nne utakesha kwenye BIOS.

Kabla ya kulipa fungua tovuti ya mtengenezaji wa madabodi yako, tafuta orodha ya ram walizopima, alafu linganisha namba ya ram herufi kwa herufi, sio jina tu, maana jina moja linabeba ram ishirini tofauti. Ram isiyokuwepo kwenye orodha sio kwamba haitafanya kazi, wao hawajaipima basi, ila kwa mtu anayenunua mara moja na bumu limeshakatwa mi ningekaa ndani ya orodha.

Siku ya kwanza ukiwasha utaona kioo cheusi. Feni zinazunguka, hamna kitu. Dakika moja, mbili, wakati mwingine zaidi, na kadri ram ilivyo kubwa ndo inachelewa. Hapo prosesa inazoeana na ram, inajaribu mpangilio mmoja mmoja. Usizime! Nenda kapike ugali. Nina jamaa yangu alizima na kuwasha mara sita, kila mara inaanza upya mwanzo, akaja kwangu ameibeba keisi nzima kwenye bodaboda akisema ameuziwa madabodi iliyokufa. Tukaiwasha, nikamkaribisha chai, tukapiga stori, ikawaka yenyewe.

Alafu kwa sababu umesema ni kazi za data najua utakutana na vishawishi vya ram za seva. Hili limenikuta mwenyewe nasema kwa uchungu. Niliona mtu anauza mbili za GB 16 za DDR4 kwa karibu nusu ya bei, safi kabisa, nikalipa hapohapo nikijiona mjanja. Jumamosi nzima imeisha, nimebadilisha sloti, nimefuta na raba, nimetoa mpaka betri ya BIOS, wapi. Jioni ndo nikavaa miwani nikasoma stika: 16GB 2Rx4 PC4-2400T-RA1. Ile herufi R inayofuata baada ya T ndo ilikuwa inanicheka siku nzima. Hizo ni za seva, zina chip ya ziada katikati inayopokea amri kwa niaba ya nyingine, na madabodi zetu za kawaida haziziwashi kabisa. Ya deskitopu inakuwa na U hapo, mfano PC4-2400T-UA2, ya laptop inakuwa na S. Herufi moja tu. Muuzaji hakunidanganya, sikumuuliza.

SWALI: Ram zenye taa zinaongeza spidi? Kijana wa Kijenge.

JIBU: Zinaongeza mwanga.

SWALI: Shikamoo ni yenu vijana. Mimi ni mzee niko Rau, Moshi. Laptop yangu imevunjika kioo, fundi amesema haitengenezeki. Ndani ina ram ya GB 8. Mjukuu wangu anaunga kompyuta ya mezani, nataka nimpe hiyo ram nimpunguzie gharama. Itafaa?

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Haitafaa kwenye ya mezani, ram ya laptop ni fupi, karibu nusu ya ile ya deskitopu, hata kuingia haiingii. Kuna vile vibati vya kubadilishia wanavyouza, inaingia kwenye kibati kibati kinaingia kwenye sloti, mi sivipendekezi, ni kiungo kingine cha kuleta matatizo na mjukuu atakuja kukulaumu bure.

Ila usiitupe, kwa bei za sasa hiyo ni mali. Mwambie mjukuu aichomoe asome stika, ikiwa ni DDR4 kuna watu wengi hapo mjini wenye laptop za GB 4 wanaitafuta, aiuze alafu hela hiyo aongezee kwenye ya kwake. Na zile kompyuta za mezani ndogo kabisa, zinazokaa nyuma ya kioo kama kitabu, nyingi zinatumia ram za laptop, kwaiyo kabla hajaiuza mwulize kwanza ni kompyuta ya mezani ya namna gani anayoiunga.